Hanoi kwa mwanafunzi mwenye mfuko mwembamba: siku ya kwanza itumie kwa miguu

Msomi wa Mpakani (mleta uzi)

Wadau, salaam.

Mimi ni Mtanzania ninayesoma kusini mwa China, katika mkoa wa Guangxi unaopakana na Vietnam. Likizo iliyopita nilivuka mpaka kwa basi nikaenda Hanoi. Kwa kuwa maswali ya wanafunzi wanaotaka kwenda kule hayaishi humu, nimeona niandike kuhusu siku ya kwanza peke yake, maana ndiyo inayowashinda wengi: mtu anatoka nje ya hosteli, anakutana na pikipiki zisizo na idadi, anarudi ndani na kuita teksi.

Rai yangu naitanguliza. Siku hiyo usipande chombo chochote. Kaa ndani ya eneo dogo lililo kati ya Ziwa Hoàn Kiếm na Soko la Đông Xuân, tembea, kula barabarani, na makumbusho yasubiri.

Kabla ya kutembea kuna mambo mawili ya lazima. La kwanza ni visa. Tangu tarehe 15 Agosti 2023 Vietnam inatoa visa ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote, hadi siku 90, kwa dola 25 ukiingia mara moja. Fomu yake inakutaka utaje kituo utakachoingilia. Anayetoka China kwa basi kama mimi ataje Hữu Nghị, na anayekuja Hanoi kwa ndege ataje Nội Bài. Usikijaze kwa kubahatisha ukidhani ni swali la kupamba fomu.

La pili ni fedha. Dong ina sifuri nyingi, na kwa makadirio ya haraka Mtanzania afute sifuri moja apate shilingi zake, na Mkenya agawanye kwa mia mbili. Hesabu hizi si za benki, lakini mbele ya muuza supu zinatosha. Noti zote zina sura ya Hồ Chí Minh, kwa hiyo sura haikusaidii kuzitofautisha, na noti ya 20,000 na ile ya 500,000 zote mbili zina rangi inayokaribia buluu. Usiku, mtu mwenye haraka anaweza kutoa ya pili akidhani ni ya kwanza, na hapo atakuwa amelipa mara ishirini na tano ya bei. Weka za 500,000 mahali pake, mbali kabisa na nyingine.

Sasa tuingie mjini. Toka mapema, saa kumi na mbili asubuhi kama unaweza, uende Ziwa Hoàn Kiếm lililo katikati ya jiji. Wakati huo wazee wanafanya mazoezi ya viungo kwa mwendo wa taratibu, akina mama wanacheza kwa mpangilio wakifuata muziki wa spika ndogo iliyowekwa chini, na vijana wanacheza badmintoni. Kuzunguka ziwa lote hakuchukui hata saa nzima. Upande wa kaskazini kuna daraja jekundu la mbao liitwalo Thê Húc, linalokuingiza katika hekalu la Ngọc Sơn lililo kisiwani.

Wenyeji wanasimulia kwamba Lê Lợi, aliyewatoa watawala wa Kiming kutoka China katika karne ya 15 kisha akawa mfalme, alipewa upanga wa miujiza, na vita vilipokwisha kobe mkubwa akaibuka ziwani na kuudai urudishwe. Unaweza kuisikiliza kama ngano, lakini kobe wenyewe walikuwapo kweli. Wa mwisho aliyejulikana alikufa Januari 2016, na mwili wake umehifadhiwa ndani ya kabati la kioo mle mle hekaluni. Mimi nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu ni mnyama mkubwa hasa, wa uzito wa zaidi ya kilo 160, na sura yake haifanani na kobe yeyote niliyewahi kumwona.

Ukitoka ziwani kwenda kaskazini ndipo unapokutana na mtihani wenyewe, yaani kuvuka barabara. Pale kuna uwanja ambao njia kadhaa zinakutana, na pikipiki zinakuja kutoka kila upande kwa wakati mmoja. Mimi nilimfuata bibi mmoja aliyebeba mfuko wa mboga, mfupi, wala hakuwa na haraka yoyote. Alishuka kwenye lami bila kusubiri barabara iwe tupu, maana haiwi tupu kamwe, akanyoosha mkono kidogo usawa wa nyonga, kisha akatembea kwa mwendo uleule tangu ukingo wa kwanza hadi wa pili. Hakukimbia, hakusimama katikati, na wala hakurudi nyuma hata hatua moja. Pikipiki zikampita mbele na nyuma kana kwamba wamekubaliana tangu nyumbani. Mpanda pikipiki anakuona tangu mbali na anakadiria utakuwa wapi atakapofika, hivyo anayebadili mwendo ghafla ndiye anayemharibia hesabu. Gari na basi ni habari nyingine: hayo hayana nafasi ya kukukwepa, yapishe. Honi nazo usizichukulie kama matusi. Kule mtu anapiga honi kukujulisha kwamba yupo, basi.

Baada ya hapo unaingia katika mitaa ya kale, ambayo watu huiita mitaa thelathini na sita ingawa kwa hesabu ya kweli ni mingi zaidi. Hanoi ilifanywa mji mkuu mwaka 1010 na mfalme Lý Thái Tổ, kwa jina la Thăng Long, na kwa karne nyingi mafundi wa vijiji vya jirani walihamia humo kijiji baada ya kijiji, kila kundi likikaa mtaa mmoja na kuuza bidhaa moja. Hàng Bạc ulikuwa wa wafua fedha waliotoka kijiji cha Châu Khê, na hadi leo katika mtaa huo imesimama nyumba ya ibada ya Kim Ngân, ambamo mafundi walimheshimu mwasisi wa ufundi wao.

Nisiwadanganye: mitaa mingi imebakiwa na jina tu. Unaingia mtaa ambao zamani uliuza vikapu unakuta mabegi ya mgongoni na fulana za watalii. Lakini michache bado inaishi, na ndiyo ya kuitafuta. Hàng Thiếc ni mtaa wa mabati. Mafundi wanakaa kando ya barabara wakikunja na kugonga bati kutengeneza ndoo, masanduku na mabomba ya kutolea moshi, na mlio wake unausikia kabla hujakata kona. Lãn Ông ni mtaa wa dawa za asili, na harufu ya mizizi na maganda ya miti inakufikia kwanza. Hàng Mã ndio ulionishangaza zaidi. Wanauza vitu vya karatasi vya kuchomwa ili viwafikie wahenga: nguo, viatu, dola bandia, simu, hata pikipiki ya karatasi yenye vioo vya pembeni na namba ya usajili. Nilimwona mama mmoja akiikagua pikipiki ya namna hiyo kwa makini, akigusa magurudumu na kuuliza bei, kisha akaomba apewe ya rangi nyingine.

Angalia pia nyumba zenyewe. Zina upana wa mita chache upande wa barabara, lakini zinaenda nyuma mbali sana, zikiwa na nyua ndogo za ndani za kuingiza hewa na mwanga. Nyumba namba 87 mtaa wa Mã Mây imekarabatiwa na inapokea wageni, hivyo unaweza kuingia na kuona familia ya mfanyabiashara ilivyogawa duka, jiko na vyumba vya kulala. Njia ya waenda kwa miguu usiitegemee. Imejaa pikipiki zilizoegeshwa, majiko na viti vidogo vya plastiki, kwa hiyo unatembea barabarani pamoja na vyombo.

Nitaendelea na chakula nikipata nafasi. Karibuni kwa maswali.

Bint Pwani

Assalaam alaykum kaka. Nashukuru kwa uzi huu. Naomba kuuliza kuhusu chakula cha halali na mahali pa kuswali, kwa sababu kila ninaposoma habari za Vietnam nakuta nyama ya nguruwe imetajwa. Je, binti wa Kiislamu anaweza kushinda siku nzima katika mitaa hiyo bila kurudi hosteli na njaa?

Msomi wa Mpakani

Wa alaykumu s-salaam dada yangu. Msikiti upo, tena ndani ya eneo hilo hilo: ni Msikiti wa Al-Noor, namba 12 mtaa wa Hàng Lược, mwendo mfupi kutoka Hàng Mã na Soko la Đông Xuân. Ulijengwa mwishoni mwa karne ya 19 na wafanyabiashara kutoka India, na ndio msikiti wa Hanoi. Ni mdogo na umebanwa na majengo, hivyo angalia juu utafute mnara.

Kuhusu chakula, tahadhari yako ni ya haki. Bún chả, ambayo Obama aliila hapo Hanoi mwaka 2016, ni nguruwe wa kuchoma. Sambusa zao za kukaanga za mviringo mara nyingi zina nguruwe pia, na phở (supu ya tambi) ya ng'ombe, hata ikiwa haina nguruwe, nyama yake haikuchinjwa kwa utaratibu wetu. Mimi ningekuelekeza kwenye mambo mawili. Kuna chả cá, samaki aliyetiwa manjano, anayemaliziwa kukaangwa mbele yako pamoja na vitunguu vya majani na majani ya shibiti (dill). Ni chakula cha Hanoi hasa, na mtu wa pwani hatajiona mgeni mbele yake. Pili, tafuta mahali palipoandikwa neno *chay*, ambapo wanapika bila nyama kabisa kwa desturi ya Kibuddha. Tarehe mosi na kumi na tano za mwezi mwandamo wenyeji wengi hula hivyo, na siku hizo chakula hicho hupatikana kwa wingi zaidi. Hata hivyo uliza kuhusu mafuta, maana mikahawa ya kawaida inaweza kukaangia mboga mafuta ya nguruwe.

Mzee wa Korosho

Kijana wangu, umeandika vizuri, lakini hapo mwanzo sikubaliani nawe. Nimefika Vietnam kwa shughuli za korosho, kwa maana korosho ghafi ya Mtwara na Lindi wanunuzi wake wakubwa ni pamoja na hao. Kwa heshima ya mwenyeji, na kwa historia yetu, siku ya kwanza Mtanzania anatakiwa aende uwanja wa Ba Đình, mahali ambapo Hồ Chí Minh alitangaza uhuru tarehe 2 Septemba 1945, aingie kwenye kaburi lake, kisha aende Văn Miếu, yaani Hekalu la Fasihi. Uhusiano wetu wa kibalozi na nchi ile ni wa tangu Februari 1965, wakati vita vyao na Marekani vinapamba moto na sisi tunawapokea wapigania uhuru Dar es Salaam. Mwanafunzi anayeanza na supu na viatu vya karatasi atarudi na picha za simu tu. Isitoshe, nchi ile ni ya pikipiki. Akodi moja atamaliza yote kabla ya saa tisa.

Msomi wa Mpakani

Shikamoo mzee. Hoja yako ya historia naipokea, na sidhani kwamba mtu aondoke Hanoi bila kufika Ba Đình. Tunachotofautiana ni mpangilio. Kaburi linafunguliwa asubuhi tu, na siku za Jumatatu na Ijumaa halifunguliwi, kwa hiyo kalenda ndiyo inayoamua kabla yako na yangu. Foleni ni ndefu, mavazi yanakaguliwa, na ndani hairuhusiwi kusimama wala kupiga picha. Mgeni aliyefika jana, hajui kuvuka barabara wala kuhesabu noti, anapita mbele ya jeneza kwa dakika chache akiwa amechoka, na anatoka bila kuelewa amepita mbele ya nani. Akienda siku ya pili, baada ya kumwona Hồ Chí Minh kwenye kila noti aliyolipa na kila ukuta wa duka la supu, anaingia kwa akili nyingine.

Kwa Văn Miếu nakuunga mkono zaidi, hasa kwa msafiri ambaye ni mwanafunzi. Ilianzishwa mwaka 1070, na mwaka 1076 pakaongezwa chuo cha kifalme. Kuna mawe 82 yaliyochongwa majina ya waliofaulu mitihani ya juu ya dola kuanzia ule wa mwaka 1442, kila jiwe likiwa juu ya mgongo wa kobe wa mawe. Wanafunzi walizoea kushika vichwa vya kobe hao kutafuta bahati ya mtihani, hadi vikasagika na ikabidi pazungushiwe uzio. Ukiwa na noti ya 100,000 mfukoni, igeuze utaona lango lake. Kutoka ziwani ni karibu kilomita mbili, hivyo mwenye miguu mizima anaweza kuliweka alasiri ya siku ya kwanza bila kuvunja kanuni yangu.

Kwenye kukodi pikipiki, mzee wangu, niwie radhi, hapo sikufuati. Kule wanaendesha upande wa kulia, leseni yetu ya nyumbani haikupi haki ya moja kwa moja ya kuendesha, na bima ya safari huwa inatafuta sababu kama hiyo ili isilipe. Miguu ikikataa, ita pikipiki ya abiria kwa programu ya Grab: bei unaiona kabla ya kupanda, na dereva anakupa kofia ngumu, ambayo ni lazima kisheria kwa barabara zote tangu Desemba 2007.

Mzee wa Korosho

Marahaba. Suala la leseni umenishinda, mimi nilikuwa na dereva wa mwenyeji wangu. Suala la Ba Đình bado tupo pale pale.

Mwana Kagera

Ndugu mleta uzi, uliahidi chakula. Mimi natoka kwenye kahawa ya robusta, na nasikia kwamba Vietnam ni ya pili duniani kwa kahawa baada ya Brazili na sehemu kubwa ya kahawa yao ni hiyo hiyo robusta ambayo kwetu tunaambiwa ni ya daraja la chini. Wanainywaje?

Msomi wa Mpakani

Wanaiheshimu, na hapo ndipo tungeweza kujifunza. Kahawa inakaangwa sana, inawekwa kwenye kichujio kidogo cha bati kinachokaa juu ya glasi, kisha maji ya moto yanadondoka tone kwa tone juu ya maziwa mazito ya kopo. Ukali wa robusta unaolalamikiwa ndio unaoweza kusimama mbele ya utamu wote ule. Kahawa laini ingezama.

Hanoi wana yao ya pekee, kahawa ya yai. Nguyễn Văn Giảng, aliyefanya kazi katika hoteli ya Metropole, aliibuni mwaka 1946 wakati maziwa yalikuwa adimu, akapiga kiini cha yai badala yake. Mkahawa wa familia yake upo mtaa wa Nguyễn Hữu Huân namba 39. Unaingia kwa kichochoro chembamba ambacho ungeweza kukipita bila kukiona. Kikombe kinaletwa kikiwa kimekaa ndani ya bakuli la maji ya moto ili kisipoe. Juu kuna povu zito la rangi ya manjano, chini kahawa nyeusi. Wengine hukoroga, mimi nilianza na povu kwa kijiko, nikagundua kwamba halina harufu ya yai hata kidogo. Kwa anayekunywa kahawa chungu isiyo na sukari kama ya Bukoba, aagize na maji pembeni.

Asubuhi, phở. Kaa pale walipojaa wafanyakazi na wanafunzi, si pale penye orodha ya chakula kwa lugha tano. Utaona mpishi ana ratiba ya mikono: tambi kwenye kichujio cha kamba, nyama mbichi iliyokatwa nyembamba juu yake, vitunguu vya majani, kisha upawa wa mchuzi unaochemka ambao unaiivisha nyama hiyo mbele ya macho yako. Watu wanakula, wanalipa na kuondoka. Si mahali pa kufungulia kompyuta.

Dada wa Nakuru

Nami niulize wazi, kwa kuwa wengi wanaogopa kuuliza. Mtu mweusi anapokelewa vipi katika mitaa hiyo? Na kuhusu utapeli je? Na hatimaye, kwa siku kama hiyo mwanafunzi abebe kiasi gani?

Msomi wa Mpakani

Dada, umefanya vyema kuuliza. Unatazamwa, hilo halina mjadala, na watoto wanakusalimu kwa Kiingereza kisha wanacheka wao wenyewe. Wapo walioniomba picha, na niliposema hapana waliitikia kwa tabasamu. Sikukutana na kauli ya kudhalilisha, ingawa siwezi kusemea kila mtu. Mzee mmoja muuza chai ya barafu alipenda kujua natoka wapi. Nilipotaja Tanzania akaonyesha kwa mikono mpira na simba, nasi tukaelewana.

Utapeli ni wa aina inayojulikana. Mwanamke mwenye vikapu viwili vya matunda kwenye mti wa begani anakuwekea mti huo begani mwako, anakusihi upige picha, kisha anakudai ununue matunda kwa bei ya ajabu. Mwingine ni fundi viatu anayeinama na kuanza kukupaka gundi kwenye soli kabla hujasema neno. Kwa wote wawili dawa ni kuendelea kutembea huku ukipunga mkono. Bei uliza kabla ya kula, hata kama ni aibu kwenu.

Kiasi cha kubeba: phở kati ya dong 40,000 na 60,000, mkate wa bánh mì nusu ya hapo, kahawa ya yai karibu 40,000, chai ya barafu 5,000 au zaidi kidogo. Ukiongeza viingilio vya hekalu la Ngọc Sơn na nyumba ya Mã Mây, noti moja ya 500,000 iliyovunjwavunjwa inatosha na kubaki. Ivunje hosteli au kwenye duka kubwa, si kwa muuza chai.

Jioni, ukibakiwa na nguvu, pitia Soko la Đông Xuân, lililojengwa mwaka 1889 na kuungua vibaya mwaka 1994, kisha panda Daraja la Long Biên lililo karibu yake. Wafaransa walilifungua mwaka 1902, na ndege za Marekani zililipiga mabomu mara kadhaa; tazama vipande vya chuma visivyofanana, utajua palipozibwa. Katikati inapita treni, pembeni pikipiki na waenda kwa miguu, na kinyume na mji mzima, pikipiki za hapo zinakwenda upande wa kushoto kama kwetu. Chini yake, kwenye kisiwa cha Mto Mwekundu, watu wamelima migomba na mahindi. Njia ya miguu ina vibamba vya zege ambavyo vingine vimelegea, kwa hiyo ukitaka kupiga picha simama kwanza. Siku za Ijumaa jioni hadi Jumapili barabara za kuzunguka ziwa hufungwa kwa magari na pikipiki, hivyo anayeweza kuchagua tarehe apange afike Ijumaa, na Ba Đình ya Mzee wa Korosho aiweke Jumamosi asubuhi.